Kaburi Tupu la Parokia Yetu

Jumapili ya kwanza tulipokwenda kusali kwenye ile parokia ya Riverside, hapa Buffalo, Marekani, mama zetu walivua viatu wakaketi sakafuni. Walikuwa wameona, upande wa kushoto wa mlango, mwanamume amelala chali, mikono kifuani, na mwanamke amepiga magoti kichwani pake. Taa zilikuwa bado hazijawashwa. Kwetu Kivu, Kongo, ukikuta maiti haijaondolewa huwapiti wafiwa ukaenda kutafuta benchi. Unakaa nao chini. Basi wakakaa, mama yangu katikati, wakaanza wimbo wa kilio taratibu. Bibi mmoja Mzungu akadhani viti vimepungua, akawa anatuburutia kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyegusa mguu wa marehemu nikakuta ni marumaru. Tulicheka mpaka mama mmoja akatoka nje kujifuta macho.

Mama yangu alicheka kidogo tu. Alibaki anamwangalia yule mwanamke wa jiwe.

Baada ya misa paroko alikuja kutueleza, nami nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha ghalani. Nafunga maboksi, na shule niliiacha pale ilipoanza kunishinda, kwa hiyo mengine niliyaruka. Lakini haya niliyashika vizuri. Kaburi lile lilichongwa Italia, zama wanazoziita za Renaisansi, miaka mia kadhaa iliyopita. Kanisa lake la kwanza lilipobomolewa, tajiri mmoja wa Buffalo alilinunua, likaletwa kwa meli vipande vipande, akaipa parokia yake. Huyo tajiri, Mungu amrehemu, hakunikaa moyoni. Aliyenikaa ni yule mwanamke, maana ndiye aliyeagiza kaburi lenyewe. Mume wake alikwenda vitani akafia mtoni, mwili haukuonekana tena. Akamwita fundi ambaye hakuwahi kumwona yule mume, akamsimulia uso wake, pua, ndevu, mpaka jiwe likamfanana. Ndani hamna hata mfupa.

"Donc huyu mama alizika mutu mwenye hayuko?" mama yangu akauliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu, chenye Kifaransa ndani.

Nikamwambia ndiyo.

"Na bakamuacha?"

Paroko akasema hajui kama kuna aliyemkataza, ila kaburi ndilo hili. Kisha akatuonyesha buti la kushoto la marehemu. Nguo zake zote zimenyooka, kila mkunjo mahali pake, lakini kamba za buti hilo zinaning'inia. Inasemekana mwanamke mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu mume wake hakuwa anazifunga. Nikaamini palepale. Nani mwingine angeomba kitu kama hicho? Wengine wangeomba upanga, au simba miguuni. Yeye aliomba kamba za viatu. Tangu siku ile nikichoka kazini huwa namwaza, nachora magoti yake kwenye vipande vya katoni, naota kwamba siku moja nitajifunza kuchonga.

Mama alikuwa na sababu yake ya kuuliza vile. Baba yetu alifia njiani tulipokuwa tunakimbia, tukamwacha msituni, na hakuna anayeweza kuonyesha ni wapi. Mpaka wakati ule mama alikuwa hajatoa matanga, yaani hajafunguliwa kutoka kwenye kuomboleza. Kitambaa cheusi kichwani, kwaya anaimba lakini hachezi, arusini anakaa nyuma karibu na mlango. Mwenye haki ya kumtolea matanga ni baba mdogo, mdogo wake baba, anayekaa Reynoldsburg kule Columbus, naye kila mara alijibu lile lile kwenye simu: matanga hutolewa kaburini. Hakuwa mkali. Ndivyo alivyofundishwa.

Sasa dada yangu alikuwa anaolewa Louisville, na mwenye matanga hamshiki bibi arusi mkono. Dada alishasema akikosa mkono wa mama ataingia kanisani peke yake. Alikuwa analia, mama naye analia, mimi katikati nimeshika simu.

Baba mdogo alifika Buffalo na gari kutuchukua. Mama akamwambia kabla ya safari wapite parokiani. Alipoona lile kaburi alisimama mbali, mikono mfukoni.

"Shemeki, huyu si kaka yangu," akasema.

"Najua. Hata bwana wa huyu mama hayuko mule." Akamwonyesha kamba za buti. "Aliweka kitu yenye alikumbuka. Mimi nakumbuka kofia."

Baba mdogo akaanza kucheka puani, kwa sababu kofia ya baba wote tunaijua: aliivaa upande hadi ikafunika sikio moja, akiitwa anageuza lile lingine. Baba mdogo akaigiza, akageuza sikio, akasema "Eeh?" kwa sauti ya baba kabisa. Akavua viatu, akaketi sakafuni. Mama akaketi. Nami nikaketi, na tuliimba ule wimbo wa kilio, safari hii tukijua tunamlilia nani.

Tulipomaliza, baba mdogo alisimama nyuma ya mama, akafungua fundo la kile kitambaa cheusi. Kilikuwa kimepauka pembeni. Hakusema maneno mengi. Alisema kaka yake amezikwa, na shemeji yake yuko huru. Mimi nikatoa kwenye mfuko kitenge cha njano nilichokuwa nimekificha, maana mimi ni mtu wa kutumaini, na mama akaniambia nina kiherehere, huku anakifunga.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni mama aliporudi kaburini. Akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, mama kwa mama, kisha akainama akapitisha kidole kwenye kamba za jiwe kama anayetaka kuzifunga.

"Bon," akasema. "Twende. Mutoto anangoja mukono."