Mwavuli wa Kusahau Makusudi

Gicheru, mwandishi wa hadithi fupi, alikaa miaka mingi kwenye benchi nje ya duka langu la viatu vya mitumba, mtaani Tuwan, hapa Kitale. Sikumfukuza. Mtu akikaa nje, duka huonekana lina wateja. Nilidhani namtumia bure, kumbe mwenye faida alikuwa yeye.

Alipofariki mwaka wa 2003, nilisema maskini, ameondoka bila kuacha hata baiskeli. Muda si muda hadithi yake ikaingia shuleni, na watoto wakaanza kunisalimia, "Niaje, Mwavuli!" Ndani yake kuna mchuuzi bahili: akikataliwa bei anaaga kwa uchungu, anaacha mwavuli makusudi, anatembea polepole akingoja kuitwa. Asipoitwa, anarudi kuchukua mwavuli, na maneno yanaanza upya. Ni mimi mtupu. Hata pengo langu la meno aliliweka.

Hayo niliyasikia kwa watoto; sikujisumbua kuisoma. Kitabu hakipunguzi bei.

Mwaka wa 2006 mwanangu Kimotho akampenda Nanyama, mwalimu, binti wa Bungoma. Tukaenda kwao kuzungumza mahari. Baba yake, Mzee Khaemba, akaitisha ng'ombe kumi na watatu. Nikataja wanane. Wakacheka. Nikashusha pumzi kama mtu aliyefiwa, nikainuka.

"Basi, wazee, tutaonana siku nyingine."

"Haya. Safari njema."

Kimotho alinitazama kana kwamba nimekanyaga sufuria ya chakula. Nikatoka, hatua za kobe. Karibu na lango nikasikia viatu nyuma yangu. Nikajisemea: amenasa.

Alikuwa Khaemba, ameshika mwavuli wangu.

"Bakoki, mkwe wangu, umesahau hii."

"Ati nimesahau?"

"Wacha, bana! Nanyama anaifundisha hiyo hadithi. Jana ametusomea yote, hadi nyanya yake akashika mbavu."

Huko ndani walikuwa wanaangua kicheko. Kimotho naye alikuwa ametoka, amesimama mlangoni.

"Baba, ukienda, mimi nabaki."

Mwavuli nilikuwa nao mkononi. Kisingizio cha kurudi sikuwa nacho.

"Hiyo hadithi inaishia wapi?" nikamuuliza Khaemba.

"Si hapa tu! Mwenye boma anamletea mwavuli langoni."

"Halafu mchuuzi anafanya nini?"

"Gicheru hakuandika."

Nikangoja kidogo, nani ajuaye. Hakuna aliyeniita. Basi nikarudi hivyo hivyo, bila kuitwa, mara ya kwanza tangu nianze biashara, nikakubali wote kumi na watatu. Niliomba tu mmoja awe ndama.

"Hiyo haiko kwa kitabu," akasema Khaemba, akanipa mkono.

Nanyama sasa ni mke wa mwanangu, na akija dukani hapunguziwi hata shilingi. Benchi bado iko pale nje. Ukitaka kukaa, nunua kiatu kwanza.