Ukuta wa Nyuma ya Kiwanda cha Vifungo

Usiku ule nililala na soksi zenye matope, nimechoka mpaka chakula kilinishinda. Mchana kutwa tulikuwa tunajaza mchanga kwenye magunia ili mto Mississippi usiingie mjini kwetu, huku Iowa, mji mdogo ambao ukipiga chafya mwanzo wa barabara kuu, mwisho wa barabara wanakuombea afya. Gari letu lilikuwa limeshapakiwa. Mume wangu alikuwa ameingiza nguo, vyeti, na lile sufuria langu kubwa la pilau.

"Mama Imani," aliniambia, "kesho asubuhi tunaondoka. Maji yakija kuuchukua huu mji, yasitukute."

Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ukuta wetu wa magunia.

Mji huu zamani ulikuwa unachonga vifungo vya mashati kutokana na kombe za chaza wa mtoni. Hadi leo nikilima mchicha wangu uani nafukua kombe zenye matundu matundu. Kiwanda kilishakufa, lakini jengo lake la matofali mekundu bado limesimama ukingoni mwa mto, na pembeni yake kuna uwazi ambao maji hupitia kila mto unapofura. Kwenye matofali watu wamechora mistari myeupe kuonyesha kila gharika ilifika wapi. Imechorwa upande wa mto, na imechorwa upande wa mji pia, maana maji hayakuwahi kushindwa kupita.

Uwazi ule tulipewa kuuziba sisi tunaofanya kazi kiwanda cha nyama: Wakongo, Wasomali na Watanzania wachache. Tukaona ndiyo nafasi ya kuonyesha sisi ni watu wa namna gani. Mimi ni wa Ifakara, nimelelewa na bibi yangu muuza mpunga, na kwetu gunia linajazwa lumbesa, likafurika hadi livishwe kofia juu. Chini ya hapo mnunuzi anakucheka. Basi nikawasimamia wenzangu, tukashindilia mchanga kwa magoti, tukashona midomo, tukasimamisha ukuta wenye magunia manene kama wajawazito. Tukaupiga picha. Lakini nilipofika nyumbani nikaingiwa na hofu moja tu: ukuta ule ukibomoka, mji mzima utasema maji yaliingilia kwa wageni.

Nikalala na hofu hiyo. Ndipo nikamwona Bi Dora.

Alikuwa amekaa jikoni kwangu, kwenye kiti chake kilekile, anamenya viazi. Bi Dora alikuwa jirani yetu, na alifariki mwaka jana kabla theluji haijaanza. Ndiye mtu wa kwanza kugonga mlango wetu tulipohamia, mkononi blanketi na keki ya matufaha, akakaa mpaka jioni, yeye haelewi neno letu, sisi hatuelewi lake, na tukacheka sana. Usichanani mwake alichonga vifungo kwenye kiwanda kile. Vidole vyake vilibaki na makovu.

Ndotoni ananisemesha kwa Kiswahili, tena cha Ifakara kabisa, na mimi wala sishangai.

"Vaa viatu, Leokadia."

Navaa. Mlango wa jikoni unafungukia barabara kuu, na barabara imejaa maji, masafi kama ya kisimani, tunatembea ndani yake na hatulowi. Mbele ya benki imetia nanga meli ya mvuke, gurudumu lake kubwa la mbao linadondosha maji, na wanaume weusi wanashusha mizigo huku wanaimba. Pembeni wazoa kombe wanachemsha kombe kwenye mapipa, harufu yake inanikaba koo. Wasichana wanatoka kiwandani, nywele zao nyeupe kwa vumbi la kombe, utadhani vikongwe. Nawafahamu kwa sura, picha zao zimetundikwa maktaba. Wote wamekufa, najua, na hakuna anayehuzunika. Wana haraka.

Wamepanga mstari. Magunia yanapita mkono kwa mkono, kutoka melini, yanavuka barabara, yanashuka nyuma ya kiwanda. Bi Dora ananiingiza katikati yao. Nainua gunia langu, lile la lumbesa, na halinyanyuki. Navuta, wapi. Mstari wote unasimama. Wananitazama, wale wapakizi, wale wasichana wa vumbi, na mimi nasikia aibu mpaka masikio yanawaka.

Nageuka kuona nani yuko nyuma yangu, namwona bibi yangu, mzaa mama. Amesimama kati ya mpakizi mmoja na msichana mmoja wa kiwandani, khanga kiunoni, miguu kwenye tope la bonde letu la Kilombero, kwa sababu mwisho wa mstari ule uko ndani ya shamba lake la mpunga na mashuke yanamgusa magotini. Yuko pale kama aliyezaliwa pale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Ananipokonya gunia. Anafumua mdomo, anamwaga mchanga, nusu nzima inakwenda chini. Moyo unaniuma, nasema, "Bibi, mbona unapunguza?"

"Kule tulikuwa tunauza," ananijibu. "Hapa huuzi, mjukuu wangu."

Anampa Bi Dora lile gunia la nusu. Bi Dora anakunja mdomo wake, anaubana chini ya gunia lenyewe, analilaza na kulikanyaga kwa mguu. Linatulia. Linaingia kwenye ubavu wa mwenzake kama mtoto kitandani kwa mama. Kisha ananyoosha kidole kwenye ukuta wangu mimi, na sasa naona mwanga unapenya kati ya yale magunia ya duara, na maji membamba yameanza kuchungulia.

"Amka," anasema Bi Dora. "Mto haujafika."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nikakaa kitandani, nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa: Bi Dora alipokuwa hai aliwahi kunionyesha hilohilo, pale pale jikoni, kwa mikono kwa sababu lugha ilikuwa bado. Alichukua mfuko wa unga ulio nusu, akaukunja mdomo, akaulaza mezani, akaupiga kofi. Mimi nilidhani ananifundisha kuoka.

"Baba Imani, amka. Shusha vitu garini. Ukuta wetu umekosewa."

"Nani amesema?"

"Bi Dora. Na bibi."

"Unataka nikawaambie watu kwamba tumeota?"

"Waambie mkeo ameota. Wakikucheka, wanijie mimi."

Nilifika ukutani, nikashusha gunia la kwanza, nikafumua mdomo na kumwaga nusu. Wenzangu wakadhani nimepata wazimu. Roy, mtoto wa Bi Dora, ndiye aliyekuwa anaongoza kazi yote. Jana yake alishinda upande wa juu wa mji na hakuwa ameuona ukuta wetu. Alikuja mbio, uso mwekundu.

"Unafanya nini?"

Nikakunja mdomo wa gunia, nikaubana chini, nikalilaza, nikalikanyaga kwa mguu. Roy akalitazama lile gunia.

"Nani amekufundisha kukanyaga hivyo?"

"Mama yako."

Akavua kofia, akafuta uso, akaivaa tena. Kisha akainama na kushika gunia la pili. Baada ya hapo simu zikapigwa, na mji ukaja: mafundi, walimu, akina mama wa kanisani, vijana wa timu ya shule. Mstari ukapangwa kutoka lori la mchanga hadi uwazini. Mume wangu alikuwa anachota mchanga kwa sufuria langu la pilau, na sikumgombeza.

Alasiri maji yakapanda. Tulisimama nyuma ya ukuta, tukisikia mto unavyousukuma. Magunia yakashuka kidogo, yakabanana, yakatulia. Maji yakapanda tena, yakasimama. Giza lilipoingia yakaanza kurudi. Mama mmoja wa Kikongo akapiga kigelegele, na wale akina mama wa kanisani, ambao hawajawahi kupiga kigelegele maishani, wakajaribu, wakatoa sauti za ajabu, na mimi nililia huku nacheka.

Wiki iliyofuata Roy alinijia nyumbani na kopo la rangi nyeupe. Tukaenda kiwandani, akanikabidhi brashi, nikachora mstari upande wa mto, pale maji yalipofika. Kisha kwa mazoea ya mji tukazunguka kwenda upande wa mji, Roy na kopo, mimi na brashi mkononi. Tukasimama mbele ya matofali. Yalikuwa makavu, hapakuwa na cha kuchora.