Ikulu ya Nyahanga

Mbuke hakuzaliwa akiitwa Mama Ikulu. Jina hilo alibandikwa na wapangaji wake wa Nyahanga, mjini Kahama, mwaka ule wa mvua za El Nino, kwa sababu alijenga choo cha matofali ya kuchoma na bati jipya, ilhali yeye mwenyewe alilala chini ya paa lililovuja kama chekeche.

Chanzo kilikuwa baba mkwe wake, Mzee Mageni, aliyeletwa kutoka kijijini kutibiwa mguu. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, wapangaji wasiohesabika na choo kimoja. Wapangaji walikipangia foleni bila kinyongo. Mzee hakuweza: kwa mila yake, mkamwana na baba mkwe hawachangii shimo. Kila alfajiri alichukua jembe, akajikokota hadi kichakani, juu kidogo ya kisima ambacho mtaa mzima ulichota maji.

Kipindupindu kilipoingia mtaani, Monika, binti wa Mbuke, alilazwa kwenye kambi ya wagonjwa akiwa amenyauka kama jani la tumbaku. Alipona. Mbuke alirudi naye nyumbani akiwa na azma moja tu: mzee asikanyage tena kichaka kile.

Lakini mkamwana humwambiaje baba mkwe habari za haja kubwa? Akamtuma Salvina, mpangaji kutoka Ushirombo, muuza maandazi asiyejua kunong'ona.

"Shikamoo, babu. Mkweo anaomba utumie choo."

"Marahaba. Nichuchumae alipochuchumaa mke wa mwanangu?"

"Shimo halina ukoo, babu."

"Kwenu Ushirombo, labda."

Basi Mbuke akayatoa matofali aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya chumba cha saba, akashika sururu, akaanza kumchimbia mzee choo chake. Shimo lilipomfika kiunoni, mzee akapita, akamwona, akageuza uso upande.

"Salvina!" akaita, ingawa Mbuke alikuwa karibu zaidi. "Mwambie huyo aliyemo shimoni kwamba limekwishaharibika. Ameliingia kabla yangu."

"Amesikia, babu. Ameinama, analia."

"Mwambie silii," sauti ikatoka shimoni. "Natafuta jiwe."

Likafukiwa. La pili likachimbwa na Alois, mpangaji aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu mikono mitupu.

"Maisha yangu yote nachimba bila kujua nitapata nini," alisema huku akirusha udongo nje. "Hili tu ndilo nina hakika nalo."

Mzee alikikagua choo kama bwana afya, akagonga bati kwa fimbo, akadai kufuli, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Jembe likarudia kazi yake ya kulima.

Jioni moja Mbuke alikuwa akimimina maji ya kuchemsha mtungini, Monika akisubiri na kikombe, mzee alipokohoa na kuelekea Ikulu yake. Mbuke akaugeukia ukuta kama adabu inavyotaka, akamimina hadi tone la mwisho, akamjazia binti yake kikombe, akafunika mtungi.