Jini Aliyempandisha Baba Kilima

Krr-krr-krr. Mlio wa baiskeli inayoteremka bila kukanyagwa ulinikuta barazani nakuna nazi. Ulitoka kwenye simu ya Idi, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akitazama zile mbio za Ulaya za siku nyingi, ambamo watu hupandishana milima mpaka wengine wakalia.

"Huyu jana alikuwa hoi, leo anapanda hivi?" Idi alisema. "Huyu katumia kitu!"

Mama, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliacha kupepeta. Mkono wangu nao ulisimama juu ya mbuzi. Maneno kama hayo niliwahi kuyasikia hapa hapa Kilindoni, akisemwa baba yangu.

Mjue kwanza kwamba Mafia, kisiwa chetu, ni tambarare. Kilima cha kumtoa mtu jasho kwetu kilikuwa kimoja, kile cha kutoka bandarini kwenda mjini. Si kirefu, lakini kimesimama. Baba yangu, Shomari, alikuwa mchuuzi wa samaki, na kwa baiskeli, kwenye barabara tambarare, hakuna aliyemshika. Tatizo lake lilikuwa kilima. Mbio zetu za baiskeli zilikuwa za siku tatu: ya kwanza kwenda Utende na kurudi, ya pili kwenda Bweni kwenye mchanga wa kaskazini, na ya tatu kushuka bandarini na kupanda, tena na tena, mpaka watu wachoke kutazama. Muda wote ulijumlishwa. Kila mwaka Baba alitangulia siku mbili, na ya tatu akanyang'anywa ushindi na Sanga.

Sanga alikuwa muuguzi wa hospitali, ingawa sote tulimwita daktari. Alikuwa mtu wa bara, kazaliwa Makete kwenye baridi na milima, na alipanda kilima chetu akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Nilimchukia mno. Baba alipofika juu ulimi nje, Sanga alikuwa ameshabadili shati.

Mwaka ninaousema, sisi watoto tulikuwa tumehamishiwa kulala kwa bibi, nyumba ya pili. Tuliambiwa Mama anaumwa tumbo na anataka utulivu. Ilipofika siku ya kilima, Baba alimwacha Sanga tangu mzunguko wa kwanza. Alipanda ameketi, mdomo umefungwa, kama anayekwenda dukani. Mluzi wa Sanga haukusikika siku hiyo. Watu walianza kwa kushangilia, kisha wakapunguza, kisha wakaanza kutazamana.

Alipomaliza, wenye mashindano waliipindua baiskeli yake. Walifungua tandiko wakitafuta hirizi, wakanusa chupa yake ya maji, mmoja akaonja. Yalikuwa maji. Ndipo Bi Tatu, muuza uji wa bandarini, alipopenya katikati ya watu.

"Mimi nimemwona kwa macho yangu! Kila alfajiri anapanda hapa na mwanamke kwenye keria, kajifunika gubigubi, hata macho huyaoni!"

"Basi huyo jini," sauti ikatoka nyuma. "Ndiye anayemsukuma."

Mwenyekiti wa mashindano, mtu aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula, alimwuliza Baba, "Shomari, unambeba nani?"

"Nambeba ninayembeba."

"Mtaje, uichukue baiskeli yako." Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, bado imeviringishwa makaratasi.

Baba alimtazama Sanga. Sanga akatazama chini. "Kaeni nayo," Baba alisema, akaondoka akiikokota ile ya samaki.

Walimpa Sanga, naye akakataa. "Amenishinda. Nilikuwa nyuma yake, nimeona. Hakusukumwa na mtu." Badala ya kumaliza maneno, hapo ndipo alipoyachochea. Mtu gani anakataa baiskeli mpya? Bila shaka wamekula njama! Baiskeli ikatundikwa ofisini mpaka matairi yakapasuka yenyewe.

Shuleni niliitwa mtoto wa jini. Hilo nililimudu, maana kuna watoto waliniogopa na kunigawia maembe yao. Kilichoninyima raha ni yule mwanamke. Baba wa rafiki yangu Asha alianza hivyo hivyo, haonekani alfajiri, na mwisho Asha akaletewa mama mdogo. Kama Baba kambeba jini, sawa. Kama kambeba mtu, nyumba yetu imekwisha.

Basi asubuhi moja nilikwenda chini ya kilima kutafuta kwato, kwani kila mtoto alijua jini ana miguu ya punda. Pembeni ya alama za tairi, pale mtu alipopandia, nikaona nyayo. Zilikuwa nyayo za mwanamke, na vidole vyote. Nilirudi nikilia njia nzima.

"Mbona huoni wivu?" nilimwuliza Mama.

"Wivu na jini?" Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwona mjinga, nikaendelea kumtazama Baba kwa jicho la pembeni miaka na miaka. Baba amefariki, na hata msibani alikuwapo aliyemtaja jini kwa mzaha.

Sasa Mama aliweka ungo chini. "Babu yako walimsema hivyo hivyo, Idi. Yule jini ni mimi."

Simu iliendelea kulia krr-krr-krr peke yake.

"Nilikuwa na kifua kikuu. Vidonge nilitakiwa nikavimeze hospitali kule juu kila asubuhi, mbele ya Sanga, na kilima sikukiweza. Baba yenu akawa ananipakia kila alfajiri, ndipo miguu yake ikakizoea kilima."

"Mbona Baba hakusema?"

"Nilimkataza. Wakati ule ukijulikana una kifua, hata kikombe ulichonywea kinavunjwa. Nani angekula vitumbua vyangu? Nani angewaoa nyinyi? Kila tukipanda aliniuliza, 'Leo niseme?' Namwambia bado. Nikapona, nikamwambia tungoje kidogo. Tumengoja mpaka kaondoka."

Akauchukua ungo wake, akaendelea na mchele. Kanga ilikuwa imempanda kidogo, na miguu yake ilikuwa peku juu ya sakafu, vidole vimetawanyika, kidole kidogo cha kushoto kimepanda juu ya mwenzake kama kilivyokuwa siku zote. Niliitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeinama juu ya nyayo za mama yangu mzazi, nikalia, na nisizijue.