Kadi za Harusi za Ubao wa Mwembe

Mwaka niliokuwa najiandaa kuolewa, masika yalikata barabara ya Dar es Salaam kabla kadi zetu za harusi hazijafika. Tulikuwa tumeziagiza kwa mpiga chapa wa huko, na habari iliyotufikia ilikuwa kwamba mzigo umelala Rufiji, ng'ambo ya mafuriko, na hakuna ajuaye utavuka lini.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Bukoba niliyepangiwa Mtwara. Mchumba wangu alikuwa karani bandarini, mtu wa Tanga. Ndugu zetu wote walikuwa mbali, kwa hiyo wageni wetu wangekuwa walimu, watu wa bandarini, waumini wenzetu na majirani. Nikamwambia tuwaalike kwa mdomo yaishe.

"Harusi bila kadi?" akasema. "Watu watadhani ni msiba, waje na majembe."

Nilikuwa nimepanga chumba Chikongola, kwa mama mmoja wa Kimakonde, mjane mcheshi aliyekuwa na shamba la mpunga bondeni Ruvuma na mikorosho kidogo upande wa Nanyamba. Nyumba ya pili alikaa kijana wa Kijapani aliyekuja kwa kujitolea, fundi wa mashine za kilimo. Mtaa mzima ulimwita Ndugu Mjapani, naye akaitika. Siku za kazi ungemwona amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. Jumapili alioga, akatandika mkeka barazani na kuchora kwa wino mweusi.

Mimi nilizoea picha zilizojaa rangi kila pembe, kama zile za watakatifu nyumbani kwetu. Zake zilikuwa karibu tupu. Siku moja alichovya brashi, akaigusisha kwenye karatasi mara chache, nikaona kaa akikimbia mchangani. Mchanga wenyewe hakuuchora, na bado niliuona. Mama mwenye nyumba aliinama akaitazama picha ile, kisha akaguna. "Huyu keshanusa mtu. Anarudi shimoni."

Alikuwa pia na kasha la picha za aina nyingine, zilizopigwa chapa kwa mbao zilizochongwa, kila rangi na ubao wake. Ilikuwamo moja ya wanawake wamevaa makofia mapana ya majani, wameinama kwenye maji, wanapandikiza mpunga mvua ikiwanyeshea. Mama aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe na kwenu mnaumwa viuno!" akamwambia.

"Sana, mama," Ndugu Mjapani akajibu. "Mama yangu mzazi, kila mwaka."

Tangu siku hiyo akawa anapelekewa sahani ya chakula kila Jumapili.

Ndiye aliyetuokoa kwenye suala la kadi. Alituambia kwamba kwao, mwaka mpya ukikaribia, watu wengi huchonga ubao wao wenyewe na kupiga chapa kadi za kuwapelekea jamaa. Akatafuta ubao laini wa mwembe, akachonga tawi la mkorosho lenye mabibo mawili yaliyoegemeana. Wino tuliutengeneza kwa masizi ya sufuria na uji mwembamba wa wanga wa muhogo. Ulipaka wino kwenye ubao, ukalaza kipande cha karatasi ngumu ya manila juu yake, kisha ukasugua mgongo wa manila kwa matambara yaliyofungwa ndani ya jani kavu la mgomba. Nilipobandua ya kwanza na kuona mabibo yale yamekaa sawasawa, nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Yalibaki maneno. Kabla hajayaanza, Ndugu Mjapani akaitwa Newala kutengeneza trekta. Mchumba wangu akaazima patasi zake. "Mwandiko wangu unasifiwa bandari nzima," akasema. "Maneno niachieni mimi."

Akachonga siku kadhaa kila atokapo kazini, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Kwa kweli zilikuwa herufi nzuri, zenye vikia na mapambo. Jumamosi tukapiga chapa maneno kwenye kadi zote, chini ya picha ya mabibo, yeye akisugua, mimi nikianika upesi kwenye kamba kama nguo, migongo ikielekea kwetu, tukiimba. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni kutazama. Yeye hakusoma shule, lakini Qur'ani aliisoma vizuri.

"Hapa mmefanya la maana," akasema huku akipitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "Mmeandika kama sisi. Mmeanzia huku, sivyo?"

Nikaitazama kadi. Nikamtazama mchumba wangu. Neno "Karibuni" lilikuwa limeanzia kulia, kila herufi imegeuza mgongo. Alikuwa amechonga maneno yakisomeka kwenye ubao, akasahau kwamba kwenye karatasi yangegeuka. Mabibo hayakujali kugeuzwa. Maneno yalijali.

Mchumba wangu alikaa juu ya kinu akashika kichwa. Madukani manila ilikuwa imekwisha, na nyingine ilikuwa huko huko Rufiji. Nilitaka kulia, lakini mama akaanza kucheka, kicheko kile cha kushikilia ubavu, nami nikashindwa kujizuia. Hatimaye yeye mwenyewe juu ya kinu mabega yakaanza kumtikisika.

"Tuzigawe hivyo hivyo," nikasema.

Tukazigawa. Padre aliipeleka yake kwenye kioo cha kunyolea ndevu, akarudi akisema amesoma neno na kuona sura ya mwenye dhambi kwa pamoja. Walimu wenzangu walizisoma kwa kioo cha mkononi, wakipokezana. Bandarini mtu mmoja aliapa kwamba ni Kijapani, akamtafsiria mwenzake kila mstari. Watu ambao hatukuwaalika walianza kunisimamisha njiani: "Mwalimu, na mimi sipati ile ya kioo?"

Ndugu Mjapani aliporudi kutoka Newala, mchumba wangu alimkabidhi kadi yake. Akaisoma kwa utulivu mkubwa. Akaikunja. Akasema, "Herufi ni nzuri sana." Kisha uso ukamponyoka, akaketi chini na buti zake za matope akacheka mpaka machozi. "Na mimi," alisema alipopata pumzi, "mara ya kwanza niligeuza jina la babu yangu."

Siku ya harusi walikuja watu wengi kuliko tulivyotazamia, wengine wakitumulika kwa vioo vyao pale mlangoni mwa kanisa. Mama mwenye nyumba na wenzake walileta pilau kwa masinia. Mvua ikashuka, tukahamishia sherehe kwenye darasa langu, madawati yakapangwa ukutani. Ndugu Mjapani alivua viatu akaingia kwenye duara la ngoma, akina mama wakimwonyesha mabega yanavyochezwa. Tulicheza mpaka ngozi za ngoma zikalegea kwa unyevu. Wapigaji wakawasha moto wa makumbi ya nazi barazani, wakazikausha, wakaanza upya.