Kisanduku Kilichokataa Kusema

Ukiingia chumba cha kompyuta shuleni kwetu unavua viatu mlangoni. Eti vumbi la mtaa wetu wa Kondele linaua mashine. Soksi zetu zinaua walimu, lakini hilo hakuna anayelisema.

Humo ndimo anamosomea rafiki yangu, tunayekaa naye dawati moja. Haoni. Mwalimu mmoja, kabla ya kuhama, alimwandikia programu: yeye anachapa, na kisanduku kilichounganishwa na kompyuta kinamsomea alichochapa, kwa sauti ya mzungu mwenye mafua. Muhula uliopita tukaambiwa afisa wa elimu anakuja kujionea. Akiridhika, rafiki yangu atafanyia mtihani hapa hapa. Asiporidhika, atapelekwa shule ya wasioona, mbali na Kisumu. Na hesabu zangu nitanakili kwa nani?

Wakubwa wa shule wakafanya kama mama zetu wanavyofanya mgeni akija: wakatoa vyombo vipya. Kompyuta ya zamani ikatolewa, ikaletwa mpya, na ndani yake toleo jipya la ile lugha ya kompyuta ambayo programu yetu iliandikwa kwayo.

Kisanduku kikanyamaza.

"Skrini inasema nini?" rafiki yangu akaniuliza.

"Inasema kuna kosa mstari wa arobaini. Haijui hilo neno."

"Omera, ndugu yangu, wacha mchezo."

"Haki ya Mungu!"

"Jana ulisema imeandika mwalimu mkuu amevaa rinda."

Nilisema, ndiyo. Lakini leo nilikuwa nasoma kilichoandikwa, na kilisikika kama uongo wangu mwenyewe. Programu ni ile ile, lugha ni ile ile, sasa inakataaje maneno yake?

Mwalimu wa kompyuta akatueleza kwamba toleo jipya limeacha maneno mengine ya zamani. Nikazidi kupotea. Nyanya yangu anaongea Dholuo ya zamani mpaka baba anakuna kichwa, na bado tunampakulia ugali.

Ikabidi nimsomee programu yote, mstari kwa mstari, hadi nukta, mkono wake ukiwa begani kwangu. Bega likitikisika kwa kicheko, anajua nimemdanganya, anasema, "Rudia." Mwalimu anatupa neno jipya, yeye anachapa.

Siku ya afisa, kisanduku kikasema. Tatizo, kilikimbia. Mwalimu akanong'ona kwamba programu hujihesabia kidogo ili itulie kabla ya kila neno, na mashine mpya inahesabu mbio. Maneno yakatoka kama mama wa mitumba wa soko la Kibuye akiona mvua inakuja.

"Hiyo ni lugha gani?" afisa akauliza.

"Kiingereza, Mzee," rafiki yangu akajibu, ametulia tu.

Afisa akadhani tumekariri. Akainama, akachapa sentensi yake mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, mwalimu mkuu akitoka jasho. Kisanduku kikabwata. Mimi nilisikia nyuki.

"Umeandika kwamba soksi za humu zinanuka, Mzee," rafiki yangu akasema.

Afisa akatazama skrini. Akanigeukia mimi, kana kwamba nimemnong'onezea, na mimi nilikuwa nimeduwaa kumshinda. Halafu akatazama miguu yangu.

"Atafanyia hapa," akasema, tayari yuko mlangoni anatafuta viatu vyake.