Barua Nilizozilainisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya kengele, viatu mkononi ili vumbi la Voi lisiviharibu kabla havijaonekana na mkubwa. Mkubwa mwenyewe alikuwa Bwana Mkuu wa shule, Mzungu mwembamba aliyewahi kuwa askari. Alinionyesha meza, taipureta na rafu ya mafaili, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Wewe iko hapa kuandika. Maneno si yako. Maneno iko na mwenyewe." Nikaitika, "Ndiyo, Bwana Mkuu." Sikumwelewa mpaka mwaka wa tatu.

Nyinyi makarani wa leo mmedekezwa na mitambo. Sisi tulikata stensil, karatasi ya nta inayotobolewa na herufi za taipureta, kisha tukaifunga kwenye mashine ya kudurufu na kuizungusha kwa mkono mpaka bega life ganzi. Lakini kazi kubwa ilikuwa barua. Mzazi asiyejua kuandika alikuja dirishani pangu, akanieleza kwa Kidawida, lugha yetu ya mlimani, nami nikamwandikia Kiingereza. Alitia dole gumba. Kisha mimi huyo huyo nikaigonga muhuri wa kupokelewa na kumpelekea Bwana Mkuu mlango wa pili. Majibu nayo nilipiga chapa mimi, na mzazi akirudi nikamsomea mimi.

Kwa hiyo hakuna aliyejua kuliko mimi watu walivyoiona shule ile ya serikali. Watu wa reli, waliotoka magharibi, waliipenda sana. Mama Akinyi, mke wa fundi wa reli, aliniambia, "Karani, andika kijana yangu amenyooka. Zamani nikimtuma ananijibu, sasa anasimama kabla sijamwita." Watu wetu wa mlimani walinung'unika. Wavulana walichota maji mtoni kwa ndoo, na mvua zikianza walilima bustani ya shule huku mashamba ya kwao yakilala. Wanafunzi wenyewe hawakuwa na msimamo. Aliyeyalaani maharagwe ya shule Jumatatu, Jumapili ungemkuta stesheni na sare yake iliyopigwa pasi, akitembea kama mkaguzi wa treni.

Sasa niungame. Nilikuwa nalainisha. Mzazi akisema "shule hii inatuonea", mimi niliandika "mzazi anaomba kwa heshima lifikiriwe". Bwana Mkuu alikuwa na hasira za karibu, na mimi niliipenda kazi yangu. Nilijiona mpatanishi, kumbe nilikuwa mwoga mwenye mwandiko mzuri.

Mwaka huo wa tatu alikuja Mzee Mwakio, kutoka Mbololo mlimani. Mwanawe Mwadime alikuwa darasa la mtihani wa mwisho. Mzee hakukaa kwenye benchi.

"Andika nina hasira," alisema. "Mtoto amebebeshwa maji mpaka bega limechubuka. Wiki ya kupanda amelimishwa hapa, na shamba langu likabaki hivyo hivyo. Andika yote, usiache neno."

Nikaandika kwamba mzee anaishukuru shule kwa juhudi zake na anaomba zamu ya maji itazamwe. Akatia dole gumba, akaenda.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi, Mdawida, sikuwa na kisingizio cha kulisahau. Kwetu hasira ya mzazi si yake peke yake. Ikifungiwa moyoni humwangukia mtoto. Ataugua, au mambo yake yatakwama. Dawa yake ni kuisema mbele ya mhusika, isikiwe, kisha mzee apige funda la maji au pombe ya miwa, alipulize nje na kutamka baraka. Huko ndiko kutasa. Hata sisi tuliobatizwa tuliliheshimu jambo hilo. Mzee Mwakio hakuja dirishani kuomba kitu. Alikuja kuitoa hasira imwondokee mwanawe, nami nikaifunika kwa shukrani.

Juma lililofuata alirudi kusikiliza majibu. Nikamsomea: Bwana Mkuu amefurahi kwa shukrani zako.

"Mtu umemlaumu, anafurahi?" aliuliza. Nilitazama taipureta. Akasema polepole, "Basi hasira yangu haijafika. Bado ninayo. Siwezi kumwacha mtoto aketi mtihanini nayo ikiwa juu yake. Ataanguka, na aliyemwangusha ni mimi."

Siku hiyo hiyo alimchukua Mwadime. Nilimwona kijana akipita dirishani na sanduku lake la bati kichwani, hakunisalimu. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma sita.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa kufukuzwa. Mwishowe nilipiga chapa barua upya, neno kwa neno kama mzee alivyosema, nikaiweka mezani kwa Bwana Mkuu pamoja na ile ya kwanza.

"Hii ndiyo yeye alisema?" aliuliza.

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Na hii ingine?"

"Hiyo nilisema mimi."

"Iko ngapi namna hii?"

"Sikumbuki, Bwana Mkuu. Ni nyingi."

Alizilinganisha barua mbili mstari kwa mstari. Halafu akasema, "Leta mzee." Kesho yake nikapanda Mbololo kwa miguu yangu mwenyewe.

Mzee alikuja na Mwadime. Akasema yote tena, nami nikamtafsiria kila neno bila kulipunguza, masikio ya Bwana Mkuu yakiwa mekundu. Kuhusu maji hakuahidi kitu, kwa sababu bomba halikuwepo na mto ulikuwa pale pale. Lakini wiki ya kupanda aliitoa: tangu mwaka ule wavulana wakaenda kupanda kwao.

Mzee akaomba maji. Akapiga funda, akayapulizia sakafuni mbele ya mwanawe na kusema, "Kama kulikuwa na hasira, imetoka. Asome, awe mzima."

Bwana Mkuu akaitazama sakafu yake iliyolowa. "Karani, hiyo nini?"

Jibu laini lilikuwa tayari mdomoni: mzee amepaliwa. Nikalimeza. "Amemaliza hasira yake mbele yako, Bwana Mkuu."

"Sawa. Mtoto rudi darasani."

Mwadime alifaulu, si wa kwanza wala wa mwisho, akawa mwalimu. Mimi nilitumikia wakuu wengine wawili, mmoja mcha Mungu kupita kiasi, mwingine Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Wote niliwapelekea maneno ya watu kama yalivyotoka, na mara mbili nilikaripiwa kwa ajili hiyo.

Siku ya kustaafu walinifanyia karamu ukumbini. Nilisifiwa mpaka nikachoka kuinamisha kichwa. Kisha akasimama Mwadime, naye tayari ana mvi.

"Mimi nina neno na karani," alisema. "Nilikosa karibu majuma mawili kwa barua yake. Hesabu zilizofundishwa siku zile ndizo zilizonishinda mtihanini. Nilitaka kuwa daktari wa mifugo. Sijawahi kumwambia, na nimekuwa na hasira naye miaka yote hii."

Mke wangu akanishika mkono. Mwadime akachukua glasi mezani, akapiga funda, akapulizia sakafuni na kunitakia uzima. Matone machache yaliangukia viatu vyangu, na sikuyafuta. Katika yote niliyoambiwa siku ile, hayo ndiyo niliyoyaamini.